Boneti ya Moto

"Haijawashwa tangu jana," alisema shemeji, huku akiipigapiga pikapu aliyotaka fundi ainunue, kama anayeuza ng'ombe. "Sikiliza mlio wake tu."

Fundi aliweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa upesi. Ilikuwa ya moto kama kikaango.

Mchezo huo aliujua. Injini ya dizeli iliyochoka ikishapashwa moto huwaka mara moja. Ikiwa baridi hukohoa moshi mweupe na kugoma.

"Ni jua hilo," shemeji akawahi.

"Jua gani, na tuko ndani ya gereji yako? Ulioa dada yangu, hukuoa akili zangu."

Akachomoa ufunguo, akautia mfukoni, akavuta kigoda na kuketi mbele ya pikapu.

"Shemeji, mimi nina haraka."

"Mimi sina. Tutaiwasha ikipoa."