Mwanga wa Buluu
Kwenye kituo cha Mwezini, sheria ilisema hivi: kati ya mume na mke, anayewahi kuripoti nyota iliyolipuka hubaki, mwenzake hurudishwa Duniani. Adhuhuri moja Mkunde aliona nyota kibete nyeupe ikilipuka. Pembeni yake paliwaka mwanga wa buluu, dalili kwamba ilikuwa ikiinyonya nyota jirani. Akatuma taarifa kimyakimya.

“Si ungeniita,” mumewe Shekue alisema, akifunga begi.

“Wewe ungeniita?”

Shekue aliondoka na kila kitu chake, hata mwiko.

Ijumaa Mkunde akaletewa mume mwingine. Mume huyo alimsalimu kwa adabu, akala, akashukuru, kisha akavuta kiti mbele ya darubini. Mkunde hakuthubutu kwenda kuosha vyombo.