Faili Moja Tu

Mwenyekiti wa klabu ya kompyuta alitangaza kwamba kila anayeanza kujifunza kuandika programu lazima atumie zana kubwa ya kuunganisha mafaili mengi kuwa programu moja, kama wataalamu.

Nyamizi, aliyewafundisha wanaoanza, akasimama. "Wiki ya tatu hii wanahangaika kuisakinisha, mwenyekiti. Hawajaandika hata mstari mmoja."

"Wavumilie. Sisi tulivumilia."

"Mimi nusura niache."

Akaiendea kompyuta ya mwanafunzi wake Bi Mwasiti, fundi cherehani, akaifuta zana ile iliyokwama nusu mbele ya wote. "Andika faili moja tu, mama."

Bi Mwasiti akaandika mistari miwili kwa kidole kimoja, akabonyeza. Jina lake likatokea kwenye skrini.

"Ukiendelea hivyo, darasa nalifunga!" akafoka mwenyekiti.

"Lifunge," akasema Nyamizi, akielekea mlangoni. "Tutasomea barazani."

Nyuma yake akasikia kiti kikiburutwa, kisha kingine.