Chokaa Mpya

Makame aliwaongoza wageni ngomeni kwa miaka tisa, na kila mara alimalizia kwenye chumba cha wafungwa kilichotazama bahari, mbele ya mistari iliyokwaruzwa kwenye chokaa ya ukuta. "Mfungwa mmoja aliichora kwa kucha zake," huwaambia.

Aliichora Makame mwenyewe, kwa msumari, mwaka wake wa kwanza, wageni walipolalamika kwamba chumba kile hakina cha kutazama. Tangu hapo aliichonga upya kila ilipofifia. Mara ya mwisho ilikuwa jana.

Asubuhi hiyo mgeni alikuwa mmoja tu, Bi Mwanamize, mzee aliyevaa buibui, aliyeshuka ngazi kwa kushika ukuta. Aliisikiliza hadithi mpaka mwisho, kisha akatoa mkobani mrashi, kichupa cha kunyunyizia marashi.

"Babu yangu aliingizwa humu na wakoloni, hakutoka," alisema. "Kaburi lake hatulijui. Mama yangu alikufa akilitafuta."

"Bibi, hii mistari..." Makame alianza.

"Ndiyo, mwanangu. Leo nimempata."

Akanyunyiza marashi ukutani, kama mtu aliyekuja kuzuru kaburi. "Tumwombee. Wewe ndiye uliyemtunza miaka yote hii."

Makame akainua viganja. Msumari mfukoni ulimchoma pajani. Marashi yakateremka ndani ya mistari, yakibeba chokaa mpya, nyeupe kama unga. Bi Mwanamize akaikinga kwa vidole, akajipaka usoni taratibu, kisha akamnyooshea Makame mkono uliobaki na weupe.

"Sogea nawe, mwanangu."