Chai ya Mume wa Mtu

Miaka hiyo tabia njema zilipakuliwa bure kwenye simu, zikamwingia mtu usingizini. Mwenye tabia aliiacha wazi, yeyote aichukue.

Sekela wa Mbeya alimsihi mumewe, Ambakisye, aache kununa asubuhi. Ambakisye akachukua tabia ya mwanamume wa Tanga asiyemjua.

Kulipokucha, alimletea Sekela chai ya tangawizi kitandani, akamfunika miguu, akatabasamu kama siku za uchumba.

"Kunywa ingali moto, Mwanaidi."

Sekela akashtuka. "Mwanaidi ni nani?"

"Sijui, mke wangu. Jina limenitoka tu mdomoni."

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Ilikuwa tamu, na Sekela hakutaka tabia ile ifutwe.

Asubuhi iliyofuata, alipoitwa Mwanaidi, aliitika.