Ufa Uliotoa Upepo

Wanu alitia kidole kwenye ufa wa jabali, kikazama chote.

Asubuhi, yeye na wifi yake walipoketi chini ya jabali hilo kuvunja kokoto, ufa ule haukupitisha hata ukucha. Sasa ulikuwa ukitoa upepo wa baridi, na Wanu alijua maana yake: umepasuka mpaka juu. Akaufuata kwa macho, akaona pale ulipokutana na ufa mwingine uliokata upande. Jabali zima, kubwa kama chumba, lilikuwa halishikiliwi na kitu.

Huko juu, mumewe alikuwa akichimba kwa mtaimbo. Kila alipopiga, vumbi jeupe lilimwagikia mtandio wa wifi yake, aliyekuwa amepitiwa na usingizi kivulini mwa jabali.

Wanu akafungua mdomo apige kelele, kisha akaufunga. Mumewe akiitwa huja mpaka ukingoni mwa jabali kuchungulia, na uzito wake ndio utakaoliangusha.

Akavua ndara, akatambaa hadi chini ya jabali, roho mkononi. Akamshika wifi yake miguu, akamburuta.

"We Wanu! Waniua!" wifi yake alizinduka akipiga ukelele.

Wanu akamziba mdomo kwa kiganja na kumvuta mpaka juani.

Mtaimbo ukanyamaza. Zikasikika hatua za mtu anayekuja mbio.

"Kuna nini huko chini?" mumewe aliuliza.

"Usije! Rudi nyuma, baba, rudi!" Wanu akampigia kelele.

Lakini kivuli chake, kutoka ukingoni, kilikuwa kimeshafika miguuni mwa Wanu.