Ubao wa Msibani

Siku hizi hakuna msiba usio na ubao mlangoni. Ukifika tu, ubao huo unainasa simu yako na kuwaonyesha waombolezaji wote ulikuwa wapi marehemu alipokata roho. Mwinyimvua, ambaye kwa miaka miwili hakumletea marehemu mama yake hata kipande cha sabuni, na saa ile alikuwa akicheza bao ubavuni mwa msikiti, aliandikwa: MSIKITINI. Dada yake Mwanakheri, aliyemwogesha na kumlisha mama siku zote hizo, aliandikwa: SALUNI.

“Nilikwenda duka la dawa!” alifoka. “Pale dukani wanatumia mtandao wa saluni ya jirani. Ubao wenu mwongo!”

Wanawake mkekani waliinamisha macho. Shangazi yake, Bi Saumu, akamshika mkono.

“Punguza jazba, mwanangu. Mtandao una ugomvi gani na wewe hata ukusingizie?”

Mwanakheri akaivuta kanga kwa hasira ikamtoka kichwani. Nywele zilikuwa timutimu, hazijaguswa na kitana tangu mama alipozidiwa.

“Hizi ndizo nywele za saluni, shangazi? Tazama!”

Bi Saumu alizitazama kwa makini. Kisha akaugeukia ubao, akausoma tena.

“Basi ulikwenda kufumuliwa,” akasema.