Bakuli la Sukari

Bi Narjis aliviweka visheti kwenye sahani, akaligeuza bakuli vilimoletwa atazame kitako. Chapa ya simba mdogo ilikuwepo, alama ya fedha halisi, na kando yake pamebonyea tangu lilipomponyoka marehemu mama yake.

Umri wake wote alikusanya vyombo vya kale vya fedha, vya mezani. Kabati lilijaa, isipokuwa kando ya birika la mama. Bakuli hili la sukari, mwenzi wa birika, alilichukua mdogo wake siku ya kugawana urithi, wakagombana. Nyumba zinatazamana, wenyewe hawasemezani.

"Mama kasema uonje, khala, usije ukasema kaviunguza," binti wa mdogo wake alisema mlangoni. "Na bakuli ubaki nalo."

Alipokwenda yule binti, Bi Narjis alilitia kabatini. Likakaa mahali pake, linang'ara. Mtu kalisugua kwa majivu na ndimu.

Lakini mkono wake ulikataa kufunga kabati. Chombo cha jirani hakibaki, wala hakirudi kitupu.

Akalitoa, akalijaza sukari. Akalitoa na birika, akatia chai ya iliki, akavuka uchochoro na vyote viwili.

Mbele ya mlango uliofungwa, hakupiga hodi. Akakumbuka mchezo wa mama yao.

"Kitendawili!"

Birika lilikuwa likimchoma vidole.

"Tega," ikaja sauti ya mdogo wake, nyembamba.

"Naenda nimejaa, narudi nimejaa."

Komeo likavutwa kabla ya jibu.